Tuta la Kinyamwezi na Ua la Gladiola

Anayetaka irisi katika bustani yake mjini Tabora anakabili mambo mawili: baridi isiyotosha na maji yanayotuama. La kwanza halina dawa. Irisi za Ulaya zenye ndevu huhitaji majuma mengi ya baridi kali ndipo ziandae maua. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Usiku wa Juni na Julai humfanya mtu ajifunike blanketi, lakini irisi haitosheki. Itatoa majani na kukunyima ua.

La pili lina dawa, nayo iko mashambani tangu zamani: tuta.

Mnyamwezi anapopiga matuta hulaza kwanza majani na mabua ya msimu uliopita, kisha huyafukia kwa udongo anaouvuta kwa jembe kutoka pande zote mbili. Kazi hiyo moja huleta faida tatu. Udongo mwepesi wa juu, ambao Unyamwezi si mnene, hukusanywa mahali pamoja. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Na mvua ya masika ikizidi, maji huteremkia mferejini badala ya kulala kwenye mizizi. Mashamba ya namna hii ndiyo yaliyouzia chakula misafara iliyopita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kando yake palikuwa na bustani za wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na kijiji jirani cha Kwihara. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyefika 1871, alikuta humo vitunguu, ndimu na mapapai.

Sasa tupande nini juu ya tuta hilo? Jibu langu ni gladiola, ndugu wa irisi katika ukoo mmoja wa mimea. Gladiolus dalenii huota yenyewe katika miombo, na maua yake mekundu ya kuelekea rangi ya chungwa huvutia ndege aina ya chozi. Damu yake imo katika gladiola za madukani: chotara iliyoanza kuuzwa na Louis Van Houtte wa Gent, Ubelgiji, mwaka 1841, ilikuwa na dalenii kama mmoja wa wazazi wake.

Mmea huu haudai baridi, unadai kiangazi. Mvua za Novemba zikianza, tunguu huamka, hutoa majani na kuchanua. Wakati huohuo tunguu jipya hujijenga juu ya lile la zamani, ambalo hunywea na kufa, na pembeni huzaliwa vijitunguu vidogo. Kuanzia Mei majani hukauka, na uhai wote hujificha chini ya ardhi, moto wa porini usikoweza kufika.

Basi fuata kalenda hiyo. Piga tuta mahali penye jua la kutwa. Samadi iwe imeoza kabisa, maana mbichi huozesha tunguu. Panda mvua za kwanza zikishalowesha udongo, kina cha sentimita 10 hadi 15, nafasi sentimita 15. Hapa ndipo wengi hukosea wakidhani ndugu hulelewa sawasawa: irisi yenye ndevu hupandwa juujuu, mgongo wa tunguu ukiota jua, gladiola ikipandwa hivyo huanguka kwa upepo.

Ukikata ua, acha angalau majani manne, kwani ndiyo yanayolisha tunguu la mwakani. Yakigeuka manjano, acha kumwagilia. Chimbua matunguu, yaanike kivulini, tupa yenye madoa ya kuoza, na uhifadhi yaliyobaki mahali pakavu penye hewa. Usiyasahau ardhini mwaka hadi mwaka: fuko huyala, na ugonjwa wa kuoza hukaa udongoni. Msimu ujao hamia tuta jingine.

Ombi moja: usiende kuchimbua matunguu ya porini. Nunua tunguu, au omba vijitunguu kwa jirani. Vikitunzwa vizuri, huchanua baada ya misimu miwili au mitatu.