Funakoshi na silsila aliyoihariri

Ukinunua kitabu cha Gichin Funakoshi ukitegemea kujifunza ngumi, utakirudisha dukani. Karate-Do: My Way of Life kilitoka kwa Kijapani mwaka 1956, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1975. Ni kumbukumbu za mzee wa Okinawa anayekaribia miaka tisini, na muda mwingi anawasimulia waliomfundisha. Mimi nakisoma kama kitabu cha nasaba. Na nasaba yoyote ile, hebu tuseme ukweli, unaiangalia kwa macho mawili: nani katajwa, nani katolewa.

Waliotajwa wamependeza. Kuna Anko Azato na Anko Itosu, wote wawili wanafunzi wa Sokon Matsumura, bingwa wa Shuri. Kijana Funakoshi anakwenda usiku nyumbani kwa Azato, kwa sababu mambo haya yalifundishwa kwa siri. Anarudia kata ileile, yaani mfululizo uleule wa miondoko, miezi na miezi, mwalimu amekaa anamtazama. Kata tatu zilimla miaka kumi. Hapa mwandishi hana haraka wala hajisifu, na ndizo kurasa bora za kitabu.

Halafu kuna mambo madogo anayoyakiri bila kuulizwa. Alizaliwa 1868, akabadili kumbukumbu zisomeke 1870 ili aruhusiwe kufanya mtihani wa chuo cha udaktari Tokyo. Akafaulu, lakini hakuingia: chuo hakikutaka mwenye kifundo cha nywele utosini, na ukoo wake haukukubali akikate. Akaishia kuwa mwalimu wa shule, na kifundo chenyewe akakikata baadaye.

Uhariri mkubwa zaidi unafuata, na huo hauoni kuwa ni wa kukiri. Karate iliandikwa kwa herufi zenye maana ya “mkono wa China”. Yeye akashikilia herufi nyingine yenye sauti ileile, ikawa “mkono mtupu”. Kata iliyoitwa Kushanku, jina linalosemekana kuwa la mjumbe wa Kichina, akaiita Kanku. Anaeleza kwamba utupu una maana pana ya kiroho, na kwamba majina ya zamani yaliwatatiza watu. Sawa, mzee. Lakini hii ni miaka ya 1930, Japani inaivamia China, na karate inatafuta heshima Tokyo. Mtu aliyewaenzi walimu wake wawili hivyo anamfuta babu wa mbali, na kitabu kinapita hapo kama kinabadilisha kibao cha duka. Mimi hapo sikubali.

Ajabu ni kwamba hoja nzito dhidi yake imo kitabuni humohumo, na ni mkewe. Funakoshi alikwenda Tokyo 1922 kuonyesha karate, akabaki huko. Mkewe alikataa kumfuata: nani angehudumia wahenga na makaburi yao? Alibaki Okinawa mpaka vita vilipomhamisha kwenda Oita, na huko akafariki 1947. Yeye hakubadilisha jina la mtu yeyote. Mumewe anaandika juu yake kwa mapenzi na shukrani, ila kwa kurasa chache mno. Nilitaka zaidi.

Bado nakipendekeza, hasa kwa tukio moja la baada ya vita. Mzee wa miaka kama themanini anavamiwa njiani usiku na mwizi. Anamkwepa, anambana sehemu za siri, na kumshikilia mpaka polisi anafika. Mwandishi mwingine angelishangilia. Funakoshi anaona haya: maisha yake yote alifundisha kwamba karate haianzi kushambulia, na usiku ule mkono wake ulitangulia. Mzee huyu alijua kujihukumu. Laiti angeirudia na ile hukumu ya Kushanku.