Kisu cha Julai

Katika soko la Nishiki, mjini Kyoto, kuna mlio utakaousikia kabla hujamwona anayeutoa. Ni mkwaruzo mfupi, mkavu, unaojirudia bila kupungua wala kuharakishwa, na husikika nyuma ya meza za wauza samaki tangu mvua za Juni mpaka joto la Agosti. Ni kisu kinachokata miiba ya hamo. Asubuhi moja ya Julai nilisimama mbele ya mkataji mmoja, mzee mwenye vifundo vya mikono vilivyovimba, nikasahau kilichonipeleka sokoni.

Hamo ni jamii ya mkunga wa baharini, mrefu, mwenye meno makali na hasira za kumtosha. Alipofika ubaoni alikuwa ameshatumbuliwa na kuondolewa uti wa mgongo, amelazwa wazi, ngozi chini. Kwa macho ni mnofu mweupe mtupu. Lakini humo ndani imejificha miiba myembamba isiyohesabika, imelala mshazari, na hakuna awezaye kuing'oa yote akabakisha samaki wa kupeleka mezani. Basi haing'olewi. Hukatwakatwa humohumo mpaka ulimi usiitambue. Kipimo wanachokitaja wapishi wa Kyoto ni mikato 24 au 25 katika sun moja, yaani sentimita 3 hivi, na kila mkato sharti upite kwenye nyama na mwiba, ukome juu ya ngozi. Ukikoma mapema, mwiba umebaki. Ukizidi kidogo tu, ngozi imepasuka na samaki amekuwa vipande.

Sisi wa pwani tumekulia kwenye kuchanja samaki. Mama huchanja changu mara tatu nne kila ubavu ili chumvi na ndimu zipenye, kisha humtia mafutani. Anayeijua kazi hiyo ndogo ndiye hasa anayeweza kumstaajabia mzee yule. Kisu chake kilikuwa kizito, kirefu karibu sentimita 30, kimenolewa upande mmoja, na hakukikandamiza hata mara moja. Alikisukuma mbele, uzito wenyewe ukafanya kazi, akakirudisha. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia juu ya mnofu, vidole vikijivuta nyuma kidogo kidogo mbele ya makali. Macho yake hayakuwa kwenye kisu. Kila mwiba hulia unapokatika, na nilivyomtazama niliona kwamba ni sikio ndilo lililokuwa likimwongoza. Mlio ulipofifia karibu na mkia, alisita, akarudi nyuma kidogo, akapitisha kisu tena. Mteja aliyekuwa akisubiri hakuguna. Alijua anachokisubiri.

Kisha kipande kinaingia katika maji yanayochemka, kwa muda wa pumzi chache. Hapo ndipo kazi ya kisu inapojitokeza: ngozi inajikunja, na mikato ile yote inafunguka kwa pamoja, nyama inachanua petali kwa petali. Wenyeji huifananisha na ua la peoni, na nimeona kwa nini. Kinatiwa katika maji ya barafu, kinakaushwa, kinaletwa na matunda ya ume, aina ya plamu, yaliyotiwa chumvi na kupondwa, mekundu na machachu. Ukikitia kinywani, kuna ubaridi kwanza, kisha uchachu, kisha utamu mwepesi unaokuja taratibu, na mkwaruzo mdogo kabisa chini ya meno, mabaki ya miiba iliyoshindwa. Katika joto la Kyoto, mji ulio bondeni na kuzungukwa na milima pande tatu, sijui chakula kingine kinachoupoza mwili hivyo.

Na bonde hilo ndilo asili ya haya yote. Kyoto iko mbali na bahari. Bangala walitoka pwani ya Wakasa wakivushwa milimani wametiwa chumvi, lakini samaki mbichi wa kiangazi, kabla ya barafu za viwandani, alikuwa jambo jingine. Wengi walioza njiani. Hamo hakufa upesi. Aliweza kubebwa kutoka ghuba ya Osaka na Awaji akafika mjini bado anauma watu. Mji ukamkubali samaki ambaye kwingine angetupwa kwa miiba yake, ukamtafutia kisu na mkono. Mwaka 1795 kilichapishwa kitabu kizima cha mapishi yake, mapishi zaidi ya mia moja. Na kwa kuwa hamo huwa mtamu zaidi baada ya mvua za Juni, sherehe kuu ya Gion inayofuata mwezi wa Julai ikapata jina la pili: sherehe ya hamo.

Gion ilianza mwaka 869, wakati wa tauni, kwa mikuki mirefu 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi, ikisimamishwa ili kuituliza roho iliyoleta maradhi. Leo badala ya mikuki ni magari makubwa ya mbao yenye magurudumu yanayokaribia kimo cha mtu mzima, yakivutwa barabarani tarehe 17 na 24 kwa filimbi, ngoma na upatu. Huungwa bila msumari hata mmoja. Mafundi huzungusha kamba za majani ya mpunga kwenye viungo, safu juu ya safu, zikapangika kwa ulinganifu wa kupendeza, na kamba hizo hulegea na kukaza kadiri gari linavyoyumba, mahali ambapo msumari ungepasua mti. Maandamano yakiisha, magari yanafunguliwa siku hiyohiyo. Mwaka unaofuata yanafungwa upya.

Mji huu unajua kungoja. Gari moja lenye umbo la jahazi liliungua katika moto wa mwaka 1864 na likarudi mwaka 2014. Jingine, Takayama, lilikosekana kwa karibu karne mbili tangu dhoruba ya mwaka 1826, likarudi mwaka 2022. Watu wa mtaa wake walikuwa wameyahifadhi masanamu yake muda wote huo, wakiyatoa kuyaonyesha kila Julai bila gari la kuyabeba. Mwaka 2009 UNESCO iliyaandika maandamano haya katika orodha ya turathi za binadamu, na kwa haki kabisa.

Kisu nacho? Mwaka 2022 serikali ya Japani iliyasajili mapishi ya Kyoto kuwa mali ya utamaduni. Nilifurahi kusikia, ila usajili hausimami kwenye ubao alfajiri. Kamba za magari zina mtaa mzima nyuma yake, vijana wanaozifunga chini ya macho ya wazee. Mkataji wa hamo yuko na mteja wake tu, na mteja huyo anapungua. Nishiki ya leo imejaa vyakula vilivyochomwa vijiti, vya kula huku mtu akipita, mpaka wenye soko wenyewe wamelazimika kuwaomba wageni wasile wakitembea. Pale niliposimama, wengi waliinua simu, wakapiga picha mbili za mikono ya yule mzee, wakaondoka bila kununua. Iliniuma, kwa sababu kazi ile haitazamwi tu. Hukamilika mdomoni.

Sasa kuna mashine za kukata miiba. Zina kasi, na bila hizo pengine familia nyingi zisingemwonja hamo kabisa, maana mikono iliyofunzwa ni ghali. Nilimnunua huyo wa mashine, katika sahani ya plastiki, dukani karibu na nilipolala. Mikato ilikuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, kana kwamba samaki ana unene mmoja toka shingoni mpaka mkiani. Hakuna kilichokuwa kimesita penye wembamba. Katika maji alijikunja bila kuchanua, na upande wa mkia miiba ilinichoma kwenye fizi. Aliyemwonja wa namna hiyo peke yake atasema hamo ni samaki wa miiba mitupu, na Julai ijayo hatamgusa, wala hatakwenda Nishiki kumtafuta yule wa mkono.