Kuisoma Nuru ya Nyota Iliyolipuka

Supanova ni nyota iliyolipuka, na picha peke yake haitoshi kueleza ni ya aina gani. Kwenye picha karibu zote hufanana: nukta ya nuru imechomoza ndani ya galaksi ya mbali, mahali ambapo awali hapakuonekana kitu. Tofauti hujitokeza nuru hiyo inapotandazwa kuanzia zambarau hadi nyekundu, ikawa spektra yenye vilima na mabonde. Kuyasoma mabonde hayo ni ufundi wenye mabingwa wake, na heshima yake ni ya haki.

Msingi uliwekwa na Rudolph Minkowski wa Mount Wilson, California. Mwaka 1941 alieleza spektra za supanova 14, zilizonaswa kwenye sahani za kioo. Tisa zilifanana mno, akaziita aina ya I. Tano zilikuwa na sura nyingine, akaziita aina ya II. Kilichozitenga ni haidrojeni: aina ya II inayo, aina ya I haina. Mgawanyo uliotokana na sahani chache hivyo umedumu hadi leo.

Msomaji huanza kwa kutafuta haidrojeni, mstari mpana karibu na nanomita 656. Asipouona, huhamia kwenye silikoni. Mstari wake wa nanomita 635 huonekana karibu na 615, kwa sababu gesi inakimbia kuelekea Dunia kwa kasi ya takriban kilomita 10,000 kwa sekunde. Jicho lililozoea hulitambua bonde hilo papo hapo, kama mfinyanzi anavyojua chungu chenye ufa kwa kukigonga kwa kidole. Hiyo ni aina ya Ia, nyota kibete nyeupe iliyolipuka. Silikoni ikiwa hafifu na heliamu ikajitokeza, ni Ib. Heliamu nayo ikikosekana, ni Ic. Haidrojeni yenye mistari myembamba ni IIn, ishara ya gesi ambayo nyota iliitema kabla ya kufa.

Thamani ya jicho lenye subira ilionekana kwenye supanova 1993J, iliyogunduliwa Machi 1993 katika galaksi ya M81, kwenye kundinyota la Dubu Mkubwa. Siku za mwanzo spektra yake ilikuwa ya buluu na karibu laini, ikiwa na haidrojeni hafifu. Ikaandikwa aina ya II. Lakini wasomaji hawakuiacha. Usiku baada ya usiku waliirudia, na wiki chache baadaye mabonde ya heliamu yakazama waziwazi huku haidrojeni ikififia. Nyota iliyoanza kama aina ya II ilikuwa inageuka Ib mbele ya macho yao, nayo ikawa mfano mashuhuri wa aina ya IIb. Maelezo yalipatikana humo humo: nyota hiyo ilikuwa imenyang'anywa karibu gamba lake lote la haidrojeni na nyota mwenza. Mwaka 2004 dalili za mwenza huyo zikatangazwa. Aliyeisoma mara moja tu angeandika aina ya II, na habari yote hiyo ingepotea.

Ufundi huu ndio uliohakikisha kwamba supanova zilizopimwa miaka ya 1990 zilikuwa Ia kweli. Vipimo hivyo vilionyesha mwaka 1998 kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongezeka kasi, vikazaa Tuzo ya Nobel ya 2011.

Sasa darubini hugundua maelfu ya supanova kila mwaka, na nyingi hazipigwi spektra hata moja. Tangu 2021, kwenye kituo cha darubini cha Palomar, programu ya kompyuta imekuwa ikitangaza supanova za Ia bila mtu kuziangalia. Kazi hiyo ina manufaa yake, lakini programu iliyofunzwa kwa mifano ya zamani huona zaidi kile inachokijua. Lisilo la kawaida linahitaji mtu wa kusita, kutilia shaka na kurudia. Inasikitisha kuona kusita huko kukihesabiwa kuwa kupoteza muda.

Supanova ya 1572 ilipata bahati ya kusomwa upya. Mwaka 2008 darubini ya Subaru ilinasa nuru yake iliyochelewa njiani kwa kuakisiwa na vumbi, ikabainika kuwa Ia. Bahati hiyo ni adimu. Supanova nyingi hufifia ndani ya miezi michache, na isiyosomwa kwa wakati wake haisomwi tena.