Kupe, Mto na Shahada ya Biolojia: Kumsoma Upya Wangari Maathai

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mama mkubwa aliniuliza, "Hiyo biolojia ukimaliza, unamtibu nani?" Nikamjibu hakuna ninayemtibu. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake.

Swali lile sikuwahi kulijibu, na ndilo lililonirudisha kwenye Unbowed, kumbukumbu za maisha ya Wangari Maathai zilizotoka mwaka 2006. Wengi wetu tunakisoma kitabu hiki kama hadithi ya siasa: Uhuru Park, Msitu wa Karura, virungu vya polisi, tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Safari hii nimekisoma kama kitabu cha mtu aliyesoma biolojia. Hapo ndipo kilipo kizuri zaidi, na hapo hapo ndipo kinaponiudhi.

Tuanze na maudhi. Septemba 1960, Wangari ana miaka 20, anaenda Marekani pamoja na vijana wenzake wa Kenya wapatao 300. Anafikia chuo cha masista Wabenedikto, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Mwaka 1964 anahitimu: biolojia ndiyo somo kuu, kemia na Kijerumani yanafuatia. Sura hiyo ina masista, ina mshangao wa ugenini, ina mgahawa wa Indiana ambako yeye na wenzake walikatazwa kukaa ndani na kunywa soda kwa sababu ya rangi yao. Yote anayasimulia vizuri. Ila masomo yenyewe? Anayapita haraka kama mtu anayekimbia mvua. Mimi niliyekesha na madesa nikiogopa sapu nilitaka kujua somo gani lilimtoa jasho, na hadubini ilimfungulia nini siku ya kwanza. Mwandishi anayekumbuka rangi za mayai ya chura aliyoyaona utotoni, mbona anatufungia mlango wa maabara?

Hayo mayai ya chura ni katika kurasa bora za kitabu. Kijijini Ihithe, Nyeri, karibu na mti wa mugumo, kulikuwa na kijito. Mtoto Wangari aliyaona mayai yale kama shanga, akawa anaingiza mikono majini ili azivae shingoni, nazo zinamponyoka. Baadaye kukawa na viluwiluwi, kisha vyura. Mama yake alikuwa amemkanya asiokote kuni za mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye, akiwa msomi, akaelewa kwamba mizizi ya mti ule ilihusiana na maji yaliyo chini ya ardhi. Mugumo ulipokatwa, kijito kikakauka. Angalia anavyoliandika jambo hili. Hamcheki mama yake kwa "ushirikina", wala haitupi sayansi. Anaviweka viwili hivyo pamoja na kutuachia sisi tuone kwamba mama alikuwa analinda chemchemi bila kuiita hivyo.

Sasa njoo kwenye kupe. Amesharudi Kenya, anafundisha anatomia ya mifugo, na anafanya utafiti juu ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kazi yake ni kwenda nje ya Nairobi kukusanya kupe masikioni mwa ng'ombe. Swali alilopewa ni la kupe. Lakini akiwa kule anainua macho. Mto umejaa tope kwa udongo unaosombwa na mvua. Ng'ombe wamekonda, mbavu unazihesabu. Nyasi hakuna. Anaanza kujiuliza: je, hatari kubwa ya mifugo hii ni kupe, au ni ardhi yenyewe inayokwenda na maji?

Hapa nilifunga kitabu kidogo. Shahada yote imo katika kitendo kile cha kuinua macho. Sisi tulifundishwa kumkariri kupe: miguu, hatua za ukuaji, jina la Kilatini, halafu mtihani. Nilipata alama nzuri tu. Hakuna aliyetukataza kuutazama mto, lakini mto haukuwa na maksi. Kwa hiyo labda Wangari hakutunyima maabara ya Kansas. Labda ameiweka hapa, kwenye malisho, ikiwa kazini. Bado ningependa kuiona yenyewe, lakini hasira yangu imepungua.

Tukio jingine linakamilisha hoja. Wanawake wa Green Belt, harakati iliyoanza mwaka 1977, wanataka kuotesha miche. Mabwana misitu wanawaeleza kitaalamu hadi wanachanganyikiwa. Wangari anawaambia watumie akili waliyonayo, kama wanavyopanda maharage na mahindi. Wakatumia hata vyungu vilivyovunjika. Ni rahisi kusoma hapo kwamba vyeti havina maana. Mimi naona kinyume: mtu aliyesoma vizuri ndiye aliyejua kipi katika maneno ya wataalamu kingeweza kuachwa. Asiyesoma angetishika, na aliyekariri angeyarudia.

Kitabu kinalegea kadiri vita vya kisiasa vinavyorundikana. Mikutano, barua na kesi vinafuatana, na lile jicho la kijitoni linaonekana kwa nadra. Hata hivyo nakishauri kwa yeyote aliye mwaka wa kwanza wa biolojia, hasa anayekaa hosteli akijiuliza kama amepotea njia kwa kukosa udaktari.

Mama mkubwa bado yupo, na bado anachambua mchele. Nikienda likizo nitamwambia: simtibu mtu, mama, ila nijaribu kujua kisima chetu kimekauka kwa nini. Najua atauliza swali lingine. Safari hii nitakaa chini tuchambue wote.