Darasa la Mr. Brown, na lile la Marekani lililokosa chumvi

Kuna vichekesho vya Waingereza ambavyo wenyewe wameshaviweka kabatini na sisi bado tunavyo sebuleni. Mind Your Language ni namba moja. Kwetu Amani iliingia kwa mikanda ya video, zikaja CD za kukopi, na siku hizi vipande vyake vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Bibi na mjukuu wanacheka pahala pamoja. Sasa mtaje mtu What a Country! Atakuuliza, ndo nini hiyo? Ni darasa lile lile, limefanywa upya na Wamarekani mwaka 1986. Lilidumu msimu mmoja tu, vipindi 26, likafa.

Swali langu ni hili: kwa nini lile lilisafiri mpaka Unguja na hili likashindwa hata kwao?

Ile ya asili aliiandika Vince Powell, na London Weekend Television ikaanza kuionesha tarehe 30 Desemba 1977. Mwalimu Jeremy Brown (Barry Evans) anapewa darasa la usiku la wageni. Mwalimu aliyemtangulia ameondoka akiwa amerukwa na akili, na mkuu wa skuli, Miss Courtney, hataki hata kumuona mwalimu mwanamme. Lakini wote hao ni pambo. Kiini ni kwamba kila mwanafunzi anakikosea Kiingereza kwa njia ya kwao. Giovanni anakosea Kitaliano, Juan anakosea Kihispania, Ali Nadim anajibu swali aliloulizwa neno kwa neno, si lile lililokusudiwa. Ranjeet anaomba radhi elfu moja kwa kosa ambalo hajalifanya. Na Su-Lee na kitabu chake cha Mwenyekiti Mao! (Mtu aliyekuwa na akili zake Unguja miaka ya sitini hahitaji kuelezwa habari ya Mao, sisi mpaka kiwanja cha mpira tumekipa jina lake.)

Wote hao wanatafuta kitu kimoja, cheti cha Cambridge. Hapo ndipo kipindi kinapotugusa. Nani hapa hajawahi kuwa mwanafunzi wa Mr. Brown? Umesoma msingi kwa Kiswahili, unaingia sekondari, ghafla somo la baiolojia limegeuka Kiingereza, na jibu unalijua lakini mdomo hauna njia ya kulitoa. Tulicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza aliyekosea Kiingereza kwenye skrini alikuwa ndiye tunayempenda, na hakuna aliyemchapa.

Wamarekani waliligusa kitu kidogo tu, na kumbe ndicho kilichoshika nyumba. Wanafunzi wao hawajifunzi lugha, wanajitayarisha kwa mtihani wa uraia. Mwalimu ni Taylor Brown, lakini nyota ni Yakov Smirnoff, mchekeshaji aliyehamia kutoka Umoja wa Kisovieti, akicheza dereva wa teksi. Pakistani anawakilishwa na Vijay Amritraj, ndiyo, yule mcheza tenisi wa India. Utani umehama kwenye ulimi ukaenda kwenye nchi: kwetu kulikuwa vile, hapa Marekani kuko hivi, hongereni. Jina lenyewe linajisifu. Kosa la lugha halina upande na linamcheka hata mwenye lugha, maana Kiingereza chenyewe kina vichekesho vyake. Sifa za nchi zina upande mmoja, na mtazamaji asiyeomba uraia hana pa kukaa.

Wahindi waliielewa siri hii. Mwaka 1993 walitoa Zabaan Sambhalke, Pankaj Kapur akiwa mwalimu, wakageuza lugha: wanaojifunza sasa wanajifunza Kihindi. Hilo lilikubalika.

Sasa upande mchungu. Aliyeikata ile ya asili baada ya misimu mitatu, Michael Grade wa LWT, aliona inadhalilisha wageni. Mimi naona alikuwa na haki, na bado naipenda. Mjapani si kuinama tu, na Mfaransa wa kike si kurembua macho tu. Tena utazame vizuri: katika misimu ile ya kwanza hakuna Mwafrika kwenye viti vya kudumu. Tulicheka kwa raha kwa sababu kiti chetu kilikuwa kitupu. Na kuwacheka Ranjeet na Ali hapa Unguja, ambako kuigiza Kiswahili cha Muhindi ni mchezo wa zamani wa baraza, baada ya 1964 na waliofungasha wakaondoka, si kicheko kisicho na historia.

Kiti hicho nilikuja kukikuta Dar es Salaam. Kwenye vichekesho vya bara mwenye duka ni Mpemba, anavuta maneno, anasema yakhe kila baada ya pumzi. Nilipokuwa nafanya kazi huko, kila asubuhi kuna mmoja ataniambia, hebu ongea kidogo tukusikie. Niliongea, wakacheka, na mimi nikacheka. Siku ya kumi hainogi tena. Kenya, Mzee Ojwang wa Vitimbi alichekesha taifa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na aliyemuigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Ustadi ule siubishii. Nauliza tu nani anayeshika chaki.

Ndio maana tungeigeuza sisi wenyewe. Darasa lipo, halihitaji kubuniwa: TAKILUKI pale Vuga, ambayo sasa iko ndani ya chuo kikuu cha SUZA, imewasomesha Kiswahili wageni kwa miongo kadhaa. Ngeli peke yake zina misimu mitatu. Mjerumani anayetaka kila kanuni iandikwe, Mmarekani anayemsalimia mwalimu wake "mambo", Mtaliano wa hoteli za Nungwi. Na mwalimu wetu, mtu wa heshima zake, anaingia darasani, mwanafunzi anasimama kwa adabu na kuiangusha herufi moja:

"Shikamoo mwalimu. Jana nimekuoa Darajani."

"Marahaba. Mahari umempa nani?"