Lotikipi: Waligawanya Kabla ya Kuonja

Swali hili mnalikumbuka: maji ya Turkana yatatosha miaka mingapi? Tarehe 11 Septemba 2013, jijini Nairobi, serikali na UNESCO walitangaza kwamba Turkana imekalia maji: mita za ujazo bilioni 250 kwa jumla, bilioni 207 kati ya hizo zikiwa chini ya bonde la Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma. Muda si muda jibu likawa moja kila mahali: maji ya kuitosha Kenya miaka 70. Jibu hilo nalitia mkasi mwekundu.

Lilitoka wapi? Matumizi ya nchi yalitajwa kuwa kama bilioni 3 kwa mwaka. 207 gawa kwa 3 ni 69, kadiria, 70. Kugawanya hakuna ubaya, M1, alama ya njia, natoa. A1, alama ya jibu, sitoi ng'o, kwa sababu kosa liko mstari wa kwanza, pale ujazo uliokadiriwa chini ya ardhi ulipoandikwa kana kwamba ni maji ya kunywa. Ile 207 ilitokana na picha za rada za setilaiti na data za mitetemo ya ardhi, na rada haina ulimi. Maji yaliyo kwenye vinyweleo vya mwamba pia hayatoki yote. Mengine hung'ang'ania humo hata pampu ikilia usiku kucha. Halafu sampuli: visima vichache vya majaribio kwa bonde la maelfu ya kilomita za mraba! Mwanafunzi wa Form Three akileta wastani wa shule nzima baada ya kupima watoto wawili, utamrudisha kwenye dawati lake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba taarifa yenyewe ilisema utafiti zaidi unahitajika kuhakiki kiasi na ubora wa maji. Sharti la swali lilikuwa limeandikwa. Likarukwa. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno, hayanyweki. Kuitambua chumvi si kazi ya miujiza: maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo unachovya kijiti cha mita kwenye chupa, unasoma namba, unaandika.

Mtasema naanza tena kulaumu mitihani yetu. Naanza. Kuanzia 1985 hadi 2023 hesabu za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, zilikuwa za kuchagua A, B, C au D, na anayechagua haonyeshi njia. Tumelea kizazi kinachopenda jibu na kuchukia kazi inayolizaa.

Enzi za kabla ya KCPE mambo yalikuwa na adabu. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba kule Tanganyika mwaka 1963, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya wa mwenzake, na mwalimu akamcheka. Baadaye Mpemba alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne hakuamini, lakini alirudi maabara akaagiza jaribio lifanywe, na wawili hao wakachapisha matokeo mwaka 1969. Dai geni, jaribio kwanza, tangazo baadaye.

Turudi Turkana. Kazi ya setilaiti ilikuwa safi. Na akiba ndogo zaidi ya Lodwar, bilioni 10, iliyotangazwa pamoja na Lotikipi, haikupata hata robo ya kelele.

Sasa tufanye hesabu iliyostahili ubao. Chukua watu 200,000 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, lita 20 kila mmoja kwa siku: mita za ujazo 4,000, yaani kilo milioni 4. Kwa mwaka ni kama mita za ujazo milioni 1.46, chini ya sehemu moja kwa laki moja ya ile 207. Tuseme unayapandisha kutoka mita 300: milioni 4 mara 9.8 mara 300 ni juli bilioni 11.76, karibu kilowati-saa 3,270 kila siku, kabla pampu haijala sehemu yake na kabla ya kutoa chembe moja ya chumvi. Bili ya umeme huo haikutajwa, na bilioni 207 haziwezi kuilipa.