Zawadi ya Harusi au Mkopo?

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kushika mkononi kadi ya mchango wa harusi. Leo itazame vizuri, uisome kama usomavyo barua uliyoandikiwa wewe. Juu utakuta Bismillahi, na mara nyingi aya inayotaja mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Katikati familia inakuomba, kwa heshima kubwa, uungane nayo katika furaha yake. Kisha teremka chini. Hapo pana nambari za simu za kupokelea fedha, tarehe ya mwisho, na viwango: mtu mmoja kiasi hiki, mtu na mwenzake kiasi kile. Maneno ya juu ni ya mwaliko, ya chini ni ya ankara. Muuza duka ni mkweli zaidi, maana yeye anapokuandikia deni haanzi kwa aya.

Usinifahamu vibaya. Kuchangiana katika harusi si jambo baya, na wala si jambo geni katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bibi Safiya (r.a.), mwaka wa 7 wa Hijra, walikuwa safarini wakirejea kutoka Khaybar. Hapakuwa na jiko wala ghala. Ikatandikwa ngozi, na kila mwenye kitu akaambiwa akilete. Huyu akaja na tende, yule na samli, mwingine na unga wa nafaka. Vikachanganywa pamoja, na hiyo ndiyo ikawa walima ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Na alipomwoa Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mama yake Anas, Bibi Ummu Sulaym, alitengeneza chakula cha tende na samli, akakitia katika chombo, akamtuma mwanawe akipeleke pamoja na salamu na udhuru kwamba ni kidogo. Mtume akamwagiza Anas awaite watu aliowataja kwa majina, na pia yeyote atakayekutana naye njiani.

Tazama hapo, msomaji. Aliyesema kuwa zawadi ni ndogo ni mtoaji mwenyewe, kwa unyenyekevu. Mpokeaji hakulisema hilo, wala hakuweka mtu mlangoni wa kupima. Sisi tumegeuza. Siku hizi mpokeaji ndiye anayetangaza, kabla hajapewa chochote, kipi ni kidogo na kipi kinatosha.

Sasa twende Ntobeye, katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Naitaja Ntobeye kwa sababu ni shamba, na mtindo huu uliotoka mjini ukifika shamba ndipo ubovu wake unapoonekana wazi. Watu wa Ngara, Wahangaza na Washubi, kama walivyo jirani zao wa Burundi na Rwanda, tangu zamani hawaendi harusini mikono mitupu. Vikapu vya vyakula vilibebwa kichwani, na vibuyu vya pombe ya ndizi au ya mtama. Waislamu wa huko, nao si wengi, waliacha vibuyu kwa kuwa dini imeharimisha kilevi. Kikapu hawakuwa na sababu ya kukiacha. Mkungu wa ndizi, maharage, kuku, mkeka, au mikono miwili tu ya kumenya ndizi usiku kucha: hivyo vyote vilikuwa mchango, na kila mtu alikuwa na kimoja katika hivyo.

Kamati ya harusi ya leo inataka fedha taslimu. Mkulima wa Ntobeye ana fedha msimu wa kahawa. Baada ya hapo mali yake imo shambani. Chukua mjane mwenye migomba yake na maharage yake, jirani wa ukuta kwa ukuta na bibi harusi, aliyemlea binti yule kama mjukuu. Hana kiwango kilichotajwa katika kadi. Akija na kikapu chake ataulizwa: kadi yako iko wapi? Basi hukaa nyumbani, akisikia ngoma kwa mbali, na kesho yake akisalimiwa husema alikuwa anaumwa. Mtume (s.a.w.) alikitaja chakula cha walima wanayoalikwa matajiri na kuachwa maskini kuwa ni chakula kibaya kuliko vyote. Wengine wetu tukisikia hivyo huwafikiria matajiri wa miji ya mbali. Lakini kadi yenye kiwango hufanya kazi hiyo hiyo kijijini, tena kwa maandishi.

Tuje kwenye kichen pati. Zamani, khasa pwani, mwari alikuwa na somo wake, akifundwa faraghani na watu wachache wanaomjua. Leo mafunzo ni dakika chache kati ya muziki na muziki, na muda uliobaki ni wa maonyesho ya vyombo. Mshereheshaji anaita: meza ya mashangazi! Nao wanaingia kwa sare, mmoja kashika hotpoti, mwingine seti ya masufuria, wawili wamebeba jiko la gesi. Kila kitu kinainuliwa juu na jina linatajwa. Anayefuata ana beseni moja na chupa ya chai; sauti ya mshereheshaji inashuka, makofi yanakuwa machache, na yule mama anatembea haraka apate kukaa. Mtume aliwaambia wanawake wa Kiislamu, kwa namna ya pekee, wasidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Mimi naona mshereheshaji anayelipwa kwa kazi ya kudharau beseni la mtu angerudishwa kwao na muziki wake.

Lakini kubwa kuliko hayo yote ni daftari. Humo ameandikwa kila aliyetoa na alichotoa, na ahadi za wale ambao hawajatoa. Ahadi ni deni, ndivyo wanavyokumbushwa kila jioni katika kundi la simu, ingawa nyingi katika ahadi hizo zilitolewa kikaoni kwa haya, mbele ya watu. Harusi ikisha, daftari linawekwa sandukuni. Miaka mitatu baadaye jirani anaoza, linafunguliwa: wao walituletea ngapi? Na asiyerudisha sawasawa husemwa.

Katika Sura Ar-Rum, aya ya 39, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa kile tunachokitoa ili kizidi katika mali za watu, kwake Yeye hakizidi. Wengi katika wafasiri wameieleza kwa zawadi ya namna hii, anayopewa mtu ili arudishe zaidi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), na Ibn Kathir ameitaja, kwamba zawadi hiyo si ile riba ya biashara iliyo haramu, na mtoaji hapati dhambi, ila hana thawabu. Sikwambii, basi, kuwa daftari ni haramu. Nakwambia kuwa umetoa laki yako, umechoka, umeshona sare, na mbele ya Mola wako pengine hukuandikiwa kitu, maana ulikwisha kujiandikia mwenyewe kwa wanadamu.

Na zawadi zenyewe ni za nani? Hili tunalinyamazia mpaka ugomvi uingie. Mahari ni ya mwanamke mwenyewe, Sura An-Nisaa aya ya 4 iko wazi. Vyombo alivyopewa katika kichen pati naye akavipokea ni vyake. Si vya mumewe kuviuza, wala si vya baba kulipia deni la turubai na spika. Fedha iliyochangwa kwa ajili ya walima ni ya walima. Anayetoa aseme anampa nani.

Limebaki swali la mwenye daftari la zamani. Ikiwa yeye ndiye aliyepokea, awakumbuke waliomtendea wema, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea zawadi na kumlipa aliyempa. Atoe kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama ni debe la maharage mahali pa laki moja. Ikiwa yeye ndiye anayesubiri kulipwa, asitume mtu kudai. Na kamati zitakazokaa msimu ujao wa kahawa ziandike kilichopatikana na kilichotumika, bila majina. Anayetaka hakika kuwa fedha yake imefika, apewe risiti yake mkononi.